Pengo Nalo Lina Habari Yake

Msomaji mpenzi, watu wengi hudhani ya kuwa historia hukaa katika maneno tu. Wakitaka kujua mambo ya kale hutafuta kitabu, barua, au mzee mwenye kumbukumbu njema. Wakasoma yaliyoandikwa na kusikiliza yaliyosemwa. Ni wachache wakumbukao kutazama nafasi tupu iliyo kati ya neno na neno. Walakini nafasi tupu nayo ina habari yake. Mtu aingiapo ghalani akakuta magunia 9 mahali pa 10, lile lisilokuwapo humshughulisha kuliko yale yaliyopo. Katika insha hii nataka kukuonyesha jambo hilo kwa kitu kidogo sana, ambacho yamkini kimo katika droo ya nyumbani kwenu: sahani ya mchezo wa kompyuta, ile ambayo watu wa Nairobi huiita sidii.

Tuanze na mji wa Nairobi wenyewe, kwa kuwa mji huu ulizaliwa pamoja na hesabu. Tarehe 30 Mei 1899 reli iliyotoka Mombasa ilifika penye kijito cha maji baridi, na mafundi wakapaita mahali hapo Maili 327, kwa sababu maili zilihesabiwa tangu pwani. Hapo wakaweka bohari na karakana zao kabla ya kupanda kuelekea Kikuyu na Bonde la Ufa. Sasa izingatie namba hiyo. Kama mpimaji angaliweka sifuri yake maili mbili mbele ya pale alipoiweka, pangaliitwa Maili 325, wala kijito kisingalisogea hata hatua moja. Mahali pangalikuwa pale pale, namba ingalikuwa nyingine. Na wapimaji wawili wenye sifuri mbili mbalimbali wangaliweza kushindana mchana kutwa, kila mmoja akidai kuwa mwenzake amekosea, kumbe wote wawili wamepima sawasawa. Ushike mfano huo, maana utatufaa mbele.

Je, sidii ilitoka wapi? Mwaka 1979 kampuni ya Philips ya Uholanzi na kampuni ya Sony ya Japani zilianza kushirikiana kutengeneza sahani mpya ya muziki, badala ya santuri za zamani zilizokuwa zikichakazwa na sindano kila zilipopigwa. Mwaka 1980 zikakamilisha kanuni zake katika waraka uliojulikana kwa rangi ya jalada lake, Kitabu Chekundu. Na mwezi wa Oktoba 1982 mashine ya kwanza ya kupigia sahani hizo ikauzwa Japani. Sahani hii ina upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Haiguswi na sindano. Husomwa kwa mwali wa leza, upitao juu ya vishimo vidogo mno vilivyopangwa katika mstari mmoja. Mstari huo huanza karibu na tundu la katikati, ukazunguka na kuzunguka kama ukili unaoshonwa kuwa mkeka wa mviringo, hata ukafika ukingoni. Kama ungeweza kuukunjua mstari wa sahani iliyojaa na kuunyosha barabarani, ungezidi kilomita 5. Ungeuanzia katikati ya mji, kwenye jengo la Nyaraka za Taifa katika Moi Avenue, ukapita Museum Hill, ukafika Westlands, na mstari ungalipo mkononi mwako.

Hapo kwanza sahani hizi zilichukua muziki tu. Baadaye wataalamu waliona ya kuwa vishimo vile vile vyaweza kuchukua maandishi, picha na amri za kompyuta, yaani mambo ambayo kwa jumla huitwa data. Kanuni za kazi hiyo ziliitwa Kitabu cha Njano, na mwaka 1988 zikatolewa Ulaya kwa jina la ECMA-130. Mwaka huo huo, huko Japani, mashine ya kuchezea iitwayo PC Engine ilianza kupokea michezo iliyoandikwa katika sahani hizo. Tarehe 3 Desemba 1994 Sony ikatoa PlayStation, ambayo hatimaye iliuzwa zaidi ya milioni 100 duniani.

Watengenezaji wa michezo waliona manufaa makubwa katika jambo moja: sahani moja yaweza kuchukua data na muziki pamoja. Fungu la kwanza likawa data, na mafungu yaliyofuata yakawa muziki wa kawaida. Mchezo uitwao Quake, uliotolewa mwaka 1996, ulikuwa wa namna hiyo. Mtu aliyeitia sahani yake katika mashine ya muziki na kuruka fungu la kwanza aliweza kusikiliza nyimbo za mchezo bila kuwa na kompyuta. Hivyo sahani moja ilikuwa na lugha mbili, na mpakani mwa lugha hizo mbili ndipo penye kisa chetu.

Nairobi nayo haikuachwa nyuma. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 na miaka ya mwanzo ya karne hii, vijana wa mji walizipata sahani za michezo katika maduka na vibanda vya Moi Avenue, Tom Mboya Street na Luthuli Avenue. Na wengine walizitafuta Westlands, ambako jengo la maduka la Sarit Centre lilikuwa limefunguliwa tangu mwaka 1983. Katika mitaa ya magharibi kama Kangemi na Kawangware palikuwa na vyumba ambamo kijana alilipa shilingi chache, akacheza mpira wa mashine kwa muda uliokubaliwa, huku wenzake wakingoja zamu mlangoni. Nyingi ya sahani hizo hazikuwa halisi. Zilikuwa nakala, na pengine nakala ya nakala. Neno hili ulitunze pia, maana tutalirudia.

Sasa tuingie ndani ya sahani. Sauti ya sidii hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Sampuli moja, pamoja na upande wake wa kushoto na wa kulia, huchukua baiti 4. Sampuli 588 hufanya kipande kimoja, na vipande 75 hufanya sekunde moja. Zidisha 588 kwa 75, nawe utapata 44,100. Kila kipande kina anwani, yaani dakika, sekunde na namba yake. Kipande cha data kimeandikwa anwani hiyo ndani yake. Huanza na alama ya baiti 12: moja tupu, 10 zilizojaa, na moja tupu tena; ndipo anwani ikafuata. Kipande cha muziki hakina kichwa cha namna hiyo. Ni sauti tupu mwanzo hata mwisho. Anwani yake hukaa kando, katika mkondo mwembamba uitwao Q, uendao sambamba na sauti kama kijia kiandamacho reli.

Mwanzoni mwa sahani pana orodha ya yaliyomo. Orodha hiyo husema fungu la kwanza laanza wapi, la pili wapi, mpaka la mwisho, nayo haiwezi kutaja mafungu zaidi ya 99. Lakini hutaja mahali fungu linapoanza kupigwa tu. Mahali pengo linapoanza haipataji. Kwa desturi pengo huwa la sekunde 2, yaani vipande 150. Kati ya data na muziki kanuni yenyewe huamuru pengo liwepo, ili mashine isije ikaipiga data kana kwamba ni wimbo, jambo liumizalo masikio na kuharibu vipaza sauti. Mafungu mengine ya muziki hayana pengo hata kidogo. Wimbo huingia katika wimbo kama mto uingiavyo ziwani. Mengine yana pengo la sekunde 3, au la urefu usiotazamiwa. Wala usidhani kila pengo ni kimya. Katika sahani za muziki wamepata kuwako watu waliouficha wimbo mzima ndani ya pengo lililo kabla ya wimbo wa kwanza, asiweze kuusikia ila yule arudishaye mashine nyuma ya mwanzo.

Basi mhifadhi ajuaje urefu wa pengo? Haimfai kubahatisha. Yampasa kuusoma mkondo wa Q kipande kwa kipande. Ndani ya wimbo, mkondo huo hutaja namba ya fungu pamoja na alama 01, na saa yake hupanda. Ndani ya pengo hutaja alama 00, na saa yake hushuka: sekunde 2, sekunde 1, hata sifuri, kama mwamuzi wa mbio ahesabuvyo kabla ya kupiga filimbi. Pale alama inapogeuka kutoka 01 kuwa 00, hapo ndipo pengo linapoanza. Inapogeuka kuwa 01 tena, hapo ndipo linapokoma.

Kazi hii yaonekana nyepesi, walakini ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni mikwaruzo. Mkondo wa Q una namba yake ya kujihakiki, na kila habari isiyopatana na namba hiyo yapasa kukataliwa na kusomwa upya. Mtego wa pili ni wa siri zaidi. Vipande fulani havitaji anwani. Mahali pake hutaja namba ya bidhaa au namba ya utambulisho wa wimbo. Kipande cha namna hiyo kikiangukia mpakani kabisa, programu yenye haraka hukosea kwa kipande kimoja, ikasema 149 au 151 mahali pa 150. Mwenye subira hutazama kipande kilichotangulia na kile kinachofuata, akaikamilisha hesabu kwa saa ile inayoshuka. Lakini naye ajihadhari na kosa lililo kinyume: asiilazimishe 149 kuwa 150 kwa sababu tu 150 ni desturi. Zipo sahani zilizotoka kiwandani na pengo lisilo la kawaida, na kulisahihisha ni kusema uwongo juu yake.

Tukiisha kuyajua mapengo, lapo jambo la pili, nalo ni la sifuri. Mkumbuke mpimaji wa reli. Waliotunga kanuni za sidii hawakuagiza kwamba mkondo wa Q na sauti vilingane hata kwa sampuli moja. Msikilizaji wa muziki hakulihitaji jambo hilo. Kwa hiyo kukawa na misogeo miwili. Msogeo wa kwanza ni wa kusomea, nao ni wa kisomaji, yaani ile mashine ya kompyuta inayoisoma sahani. Kila aina ya kisomaji huwa na msogeo wake, usiobadilika toka sahani hata sahani. Vingi vya Plextor hujulikana kwa sampuli 30, na vingine vya watengenezaji wengine kwa sampuli 6 au 667. Msogeo wa pili ni wa kuandikia, nao umo katika sahani yenyewe: ulitokea kiwandani, siku sauti na data vilipopangwa kwa ajili ya kuchapwa. Huo hauondoki kwa kubadili mashine.

Utaniuliza, msomaji, kwa nini tuhangaike na sampuli 30, nazo hazifiki sehemu moja ya elfu ya sekunde, wala hakuna sikio la mwanadamu liwezalo kuzitambua. Swali lako ni la haki, nami nina majibu mawili. Kwanza, fungu hukatwa kwa hesabu. Sifuri ikisogea, mwisho wa wimbo mmoja huangukia mwanzo wa mwingine. Na msogeo wa sampuli 667 hupita hata kipande kizima, ambacho ni sampuli 588. Ukizikosa sampuli za mwisho za sahani, umezikosa kabisa. Pili, na hili ndilo kubwa, wahifadhi wawili wenye sahani mbili za toleo moja hawataweza kushuhudiana. Kila mmoja atasema kweli kwa sifuri yake, na kweli zao mbili hazitakutana.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Tuseme umeikuta sahani ya mchezo katika sanduku la kaka yako huko Kawangware. Waifuta kwa kitambaa laini, ukitoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Orodha ya yaliyomo yakuambia kuwa fungu la kwanza ni data na mengine 9 ni muziki. Unacho kisomaji ambacho msogeo wake umekwisha kujulikana kuwa sampuli 30. Waiamuru mashine ivisome vipande vya mwisho vya data kana kwamba ni sauti, bila kuvipanga wala kuvisafisha. Si kila kisomaji kikubalicho amri hiyo, na ndiyo sababu wahifadhi huthamini mashine fulani za zamani kuliko mpya. Katika wingi huo wa baiti watafuta alama ile ya baiti 12. Ukiipata, waifumbua anwani iliyo nyuma yake, kwa kuwa imevurugwa makusudi kwa kanuni ijulikanayo, nawe waona ni ya kipande gani.

Hapo ndipo shahidi anaposimama. Anwani yasema, "Mimi ni kipande fulani, na mahali pangu ni hapa." Wewe wapima umbali kati ya mahali palipotazamiwa na mahali alama ilipoonekana. Tuseme imechelewa kwa baiti 192. Gawanya kwa 4, wapata sampuli 48. Katika hizo, sampuli 30 ni za kisomaji chako. Zilizobaki ni 18, nazo ndizo msogeo wa kuandikia wa sahani hiyo. Kwa namba hiyo waweza kuyakata mafungu yote ya muziki ili yaanze pale yalipokusudiwa, nayo data na sauti zitahesabiwa kwa sifuri moja. Sahani ya muziki mtupu haina shahidi wa namna hii. Ukipata sahani mbili zenye muziki ule ule zilizochapwa mbalimbali, waweza kuzilinganisha na kuujua msogeo wa moja kwa nyingine; lakini ni sahani ya mchezo, yenye lugha mbili, itoayo ushahidi ulio wazi, kwa kuwa lugha moja huisema siri ya mwenzake.

Kazi ikiisha, mhifadhi huipitisha data yote katika hesabu ya uhakiki, kama ile iitwayo MD5 au SHA-1, akapata mfululizo mfupi wa herufi na tarakimu. Ibadilike sampuli moja tu kati ya mamilioni, nao mfululizo huo hugeuka kabisa. Wahifadhi wa mchango uitwao Redump hulinganisha mifululizo yao hivyo hivyo. Mtu wa Nairobi na mtu wa Tokyo, wasiojuana kwa sura, wakipata mfululizo mmoja kutoka sahani mbili, hujua kwamba wameihifadhi kazi ile ile. Ushahidi wa wawili ni bora kuliko madai ya mmoja. Mahakama zote za dunia zalijua hilo.

Sasa tulirudie lile neno nililokuomba ulitunze, yaani nakala. Zamani, huko Lamu na Pate, tenzi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikanakiliwa kwa mkono. Mnakili mmoja aliruka ubeti, mwingine akabadili neno, na aliyenakili kwake akalirithi kosa lake. Mwanachuoni akiweka nakala mbili mbele yake huweza kuona ipi ilitoka kwa ipi, kwa kufuata makosa yaliyorithiwa. Sahani za vibandani ni vivyo hivyo. Kila nakala ya muziki wake ilibeba msogeo wa mashine iliyosoma na msogeo wa mashine iliyoandika. Na nakala ya nakala ikabeba misogeo ya mama na ya bibi. Tena mashine nyingi za kunakilia zilipoandika fungu moja moja ziliweka sekunde 2 kati ya fungu na fungu, hata pale ambapo sahani halisi haikuwa na pengo. Kwa hiyo mapengo na misogeo ya sahani iliyonunuliwa Luthuli Avenue huweza kukuambia kama ni toleo la kiwandani au ni nakala, na kama ni nakala, pengine ilipitia mkono mmoja au mingi. Hiyo ni sehemu ya historia ya mji: namna mambo yalivyoufikia, na kwa njia zipi.

Ndiyo maana mhifadhi mwema hairekebishi nakala kwa siri ili ifanane na toleo halisi. Wazee wetu walitufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika nyumba neno hilo ni kweli tupu. Katika kumbukumbu, lakini, auzibaye ufa bila kuandika kuwa ulikuwapo huwaibia wajao. Auandike kwanza, upana wake, mahali pake, na siku aliyouona.

Kenya yalijua jambo hili kwa uchungu. Tazama jengo lile la Nyaraka za Taifa, lililo kati ya Moi Avenue na Tom Mboya Street. Hapo zamani lilikuwa benki. Leo ni ghala ya kumbukumbu za nchi, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1965. Lakini kabla ya uhuru, uliopatikana tarehe 12 Desemba 1963, majalada mengi ya serikali ya kikoloni yalikuwa yamechomwa moto au kupelekwa Uingereza. Mwaka 1967 serikali ya Kenya iliomba yaliyopelekwa yarudishwe, ikakataliwa. Rafu zilibaki na pengo, na walioliona pengo hilo hawakulisahau. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa majalada yapatayo 8,800 ya makoloni 37 yalikuwa yamewekwa Hanslope Park, na kati yake yapatayo 1,500 yalitoka Kenya. Mwaka 2013 ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9 kwa ajili ya madai ya watu 5,228. Kama pengo lile lingalizibwa kwa makaratasi mengine, na watu wakaambiwa rafu imejaa, nani angaliuliza?

Sisemi ya kuwa mchezo wa kijana una uzito wa jalada la kesi. Nasema ya kuwa kanuni ya uaminifu ni moja, kwa kubwa na kwa dogo. Na asiyejizoeza uaminifu katika dogo hataupata ghafula siku atakapokabidhiwa kubwa. Tena dogo hili nalo lina thamani yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi, pamoja na vitabu. Nchi yetu nayo imekwisha kuwa na watunzi wa kazi hizo: mwaka 2007 kijana Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo uitwao The Adventures of Nyangi, wenye shujaa wa kike wa Kiafrika. Watunzi wa namna hiyo ni watangulizi, na kazi ya mtangulizi ikipotea, wajao hudhani kwamba hakuna aliyetangulia. Sheria hiyo hiyo yalinda haki ya mtunzi, kwa hiyo kuhifadhi si ruhusa ya kuuza wala kugawa kazi ya mtu mwingine. Mhifadhi ni mlinzi wa ghala, hana amri juu ya nafaka.

Wala usidhani muda ni mrefu. Sahani iliyochapwa kiwandani ina utando wa alumini, nao hula kutu hewa ikipenya. Nakala ya kibandani ni dhaifu zaidi, kwa kuwa habari yake imeandikwa katika rangi maalumu ambayo jua na joto huififiza. Sahani iliyokaa miaka mingi katika dirisha lielekealo jua huenda isisomeke tena, ingawa kwa macho yang'aa kama siku ya kwanza. Visomaji navyo vyapungua. Kompyuta nyingi za siku hizi huuzwa bila kisomaji cha sidii. Hivyo sahani yaweza kuwa nzima na bado ikawa bubu, kwa kukosa wa kuisoma.

Basi, msomaji, ukirudi nyumbani leo, iwe ni Kangemi au Lavington, Dagoretti au Kileleshwa, fungua ile droo. Ukiikuta sahani, usiitupe, wala usiicheze kwa pupa. Iweke penye kivuli, ndani ya kasha lake, ikiwa imesimama wima. Andika katika karatasi mahali ilipotoka, mwaka ilipopatikana, na kama wajua kuwa ni halisi au ni nakala. Usione haya kuandika kuwa ni nakala. Na siku utakapokuwa na mashine na maarifa, isome yote: data yake, muziki wake, na vile vipande 150 vya kimya ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvisikiliza. Hesabu sifuri yake ilipo, uiandike. Aliyeupima mji huu tangu Mombasa aliacha namba, nasi mpaka leo twaweza kurudi nyuma maili kwa maili hata baharini. Nawe waachie wajao namba ya namna hiyo, ili nao waweze kurudi mpaka hapa ulipo wewe.